Mfupi Anapochelewa: Namna ya Kumpima Linebaka wa Chuo



Aprili 2022 klabu za NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, zilikusanyika Las Vegas kwa drafti, yaani kugawana wachezaji waliotoka vyuoni. Chuo Kikuu cha Georgia kilikuwa kimetwaa ubingwa wa taifa miezi mitatu kabla ya hapo, na safu yake ya ulinzi ilikuwa gumzo la Marekani nzima. Wachezaji watano wa safu hiyo moja walichukuliwa katika raundi ya kwanza. Mmoja wao alikuwa Quay Walker, linebaka wa sentimita 193, aliyekwenda Green Bay akiwa mtu wa 22 kuitwa. Ubavuni mwake, msimu mzima, alikuwa akicheza linebaka mwingine, Nakobe Dean. Dean ndiye aliyekuwa akiwapanga wenzake. Dean ndiye aliyepewa Tuzo ya Butkus, inayotolewa kila mwaka kwa linebaka bora wa vyuo vyote. Usiku wa kwanza ukapita bila jina lake kuitwa. Raundi ya pili ikapita pia. Philadelphia wakamchukua katika raundi ya tatu, akiwa mtu wa 83.

Dean ana futi 5 na inchi 11, yaani sentimita 180, na kilo zipatazo 104. Kulikuwa na maneno kuhusu msuli wa kifua chake, na hakukimbia mbele ya maskauti, wapimaji wa klabu, kabla ya drafti, kwa hiyo si haki kusema ni ufupi peke yake uliomshusha. Lakini ufupi ulikuwamo katika kila mazungumzo juu yake, na ulikuwamo tangu akiwa kijana wa sekondari. Nimekuja kuzungumzia hesabu hiyo: kijana akiwa hodari chuoni, akiwa na mwili mdogo kuliko kazi anayoiomba, tutajuaje kama ataimudu kazi hiyo kwa wakubwa?

Kwa wasioufuatilia mchezo huu, nieleze kwanza kazi yenyewe. Timu inayolinda ina watu 11. Mbele wapo mapandikizi ya watu, ana kwa ana na mapandikizi wenzao wa ushambuliaji, wengi wakivuka kilo 136. Nyuma kabisa wapo wepesi wanaowakaba wapokeaji wa pasi. Katikati, yadi nne au tano nyuma ya mstari, anasimama linebaka. Mpira ukikimbizwa, lazima auzibe mwanya wake na kumwangusha mkimbiaji. Ikiwa ni pasi, lazima arudi nyuma alinde eneo au amfuate mtu. Mara nyingine huamriwa amvamie kwotabeki, mrusha pasi mwenyewe. Yote haya huyaamua kabla hujapepesa jicho, na upande wa pili umekaa wiki nzima ukipanga namna ya kumdanganya. Mnaopenda soka mfikirieni namba sita, mtu wa aina ya N'Golo Kanté, ambaye kazi yake nzuri kuliko zote haionekani kwenye picha kwa sababu amekwishafika kabla hatari haijazaliwa.

Sasa, kwa nini klabu zinaogopa ufupi? Hofu hiyo ina asili yake. Katika miaka ya 1960 Dallas Cowboys, chini ya Tex Schramm na Gil Brandt, walimchukua Salam Qureishi, mtakwimu mzaliwa wa India aliyekuwa na IBM, awatengenezee programu ya kompyuta ya kupima wachezaji. Lilikuwa wazo la maana sana, na ligi nzima ikaliiga. Tangu 1987 vijana hupelekwa karibu kila mwaka Indianapolis, kwenye kambi ya vipimo. Huko hupimwa urefu hadi sehemu ya nane ya inchi, hupimwa mikono na viganja, hukimbizwa yadi 40, huruka juu, huruka mbele, na hunyanyua chuma cha kilo 102 mara nyingi wawezavyo. Mwisho wa siku kila mtu amekuwa mstari wa tarakimu. Na tarakimu ina faida kubwa kwa skauti mwoga: hakuna aliyefukuzwa kazi kwa kumkataa mfupi. Ukimchagua mfupi akashindwa, kila mtu atakuuliza hukuona nini. Ukimchagua mrefu akashindwa, watasema bahati mbaya.

Mfano wa imani hiyo katika mwili unatuhusu kwa karibu. Mwaka 2013 Indianapolis Colts walimsajili Daniel Adongo, kijana wa Nairobi aliyekuwa akicheza raga ya kulipwa, mwenye sentimita 196 na zaidi ya kilo 115. Hakuwahi kucheza mchezo huu hata mara moja. Wakampa nafasi ya linebaka wa pembeni, na Desemba mwaka huohuo akaingia uwanjani katika mechi ya ligi. Mimi nilifurahi kwa ajili yake kama Waafrika Mashariki wengi, na ujasiri wake naustahi mpaka leo. Ila tazameni mantiki ya soko: mwili ule ulitosha kufungua mlango kwa mtu asiyejua kanuni za mchezo, ilhali vijana waliousoma mchezo tangu utotoni walifungiwa mlango huohuo kwa kupungukiwa inchi tatu. Adongo alicheza mechi chache tu. Kuusoma mchezo kwa kasi ile hakufundishiki kwa msimu mmoja wala miwili.

Upande wa pili wapo wanaojibu hofu hiyo kwa hadithi ya moyo. Wanasema fulani ni mfupi lakini ana moyo mkubwa. Maneno haya huyasikia kila mwaka drafti inapokaribia, na yananiudhi kuliko hofu yenyewe, maana yanamnyima mchezaji sifa yake halisi. Chukueni habari ya Sam Mills. Alikuwa na futi 5 na inchi 9, sentimita 175, akatoka Montclair State, chuo cha New Jersey kinachocheza daraja la tatu la vyuo. Drafti ya 1981 ilimpita. Cleveland wakamjaribu, wakamwacha. Mwaka uliofuata Toronto ya Canada nao wakamwacha. Akaenda kufundisha useremala na upigaji picha katika sekondari ya East Orange. Ilipoanzishwa ligi ya USFL, Philadelphia Stars wakamchukua, na kocha Jim Mora akamweka katikati ya ulinzi. Timu hiyo ikachukua ubingwa mwaka 1984 na tena 1985. Mora alipohamia New Orleans mwaka 1986, Mills akaenda naye, akiwa na umri wa miaka 27. Akacheza misimu 12 katika NFL. Mwaka 1996, akiwa na miaka 37, alitajwa katika kikosi bora cha kwanza cha ligi nzima. Alifariki kwa saratani mwaka 2005, na jina lake likaingizwa katika Jumba la Mashujaa mwaka 2022.

Moyo alikuwa nao, nani atabisha? Lakini moyo haumpeleki mtu wa sentimita 175 kwenye kikosi bora akiwa na miaka 37, umri ambao miguu imeshaanza kuaga. Oktoba 1995 Carolina Panthers, timu mpya iliyokuwa haijashinda mechi hata moja, ilicheza na New York Jets. Kwotabeki wa Jets akajaribu pasi fupi ya kusukumwa mbele, ile inayopita chini ya pua za walinzi. Mills alikuwa pale pale mpira ulipokuwa ukienda. Akaudaka, akakimbia yadi 36 hadi mwisho wa uwanja, na Panthers wakapata ushindi wao wa kwanza katika historia. Hapo palikuwa na maarifa. Alijua nini kinakuja kabla hakijaja.

Hivyo kipimo changu cha kwanza ni wakati. Urefu haumwangushi mkimbiaji. Kinachomwangusha ni kufika. Linebaka mrefu wa kilo 115 akichelewa, bado ana mikono ya kulisukuma jitu la mbele, ana uzito wa kusimama asisogezwe. Mfupi akichelewa hana akiba hiyo. Anaishi kwa ile hatua ya kwanza, na kwa hiyo mkanda wa video utazamwe kwa jicho hilo: mpira unapoanzishwa, mguu wake upi unatembea, unaelekea wapi, na baada ya muda gani.

Ila kutazama hatua nzuri pekee hakutoshi, na hapa ndipo ninapotofautiana na wachambuzi wengi wa runinga. Vijana hawa wote ni wazuri wanapokuwa sahihi, la sivyo majina yao yasingetufikia. Kipimo changu cha pili ni hiki: chukua mechi tatu za kijana, uondoe kila tukio alilolisoma vizuri, kisha ubaki na yale aliyodanganywa. Kwotabeki amejifanya kumpa mkimbiaji mpira, kijana ameingia mtegoni hatua mbili, na sasa jitu la kilo 140 linamjia. Anafanya nini? Wapo wanaomezwa, na hao hukumu yao ni nyepesi. Wapo wanaolizunguka lile jitu. Hawa ndio wanaotudanganya. Chuoni kasi yao inatosha kuzunguka na kurudi kumwangusha mkimbiaji kwa nyuma, na umati unashangilia. Lakini kila mmoja wao alipozunguka aliuacha mwanya wake wazi, na mkimbiaji wa NFL hatamsubiri arudi. Takwimu zitamwandikia sifa ya kuangusha mtu. Hazitaandika kwamba alimwangusha yadi saba mbele ya mahali alipopaswa kumwangushia.

Na wapo wachache wanaoingia chini. Hapa ufupi wenyewe unageuka mali. Mtu mwenye nyonga iliyo karibu na ardhi, akiikunja miguu na kupeleka mikono kifuani mwa jitu kabla ya jitu kumshika, analinyanyua kutoka chini. Jitu haliwezi kushuka kiasi hicho. Ndiyo maana urefu wa mikono una uzito kuliko urefu wa mwili, na vipimo hivi viwili visichanganywe: wapo wafupi wenye mikono mirefu, na mikono hiyo ndiyo inayowaponya wakichelewa. Mfupi mwenye mikono mifupi asiyeingia chini, mimi nisingemchagua hata awe na tuzo ngapi.

Kuna mahali ambapo ufupi ni ufupi tu, na mtu mkweli lazima apataje. Ni katika kuwalinda wapokeaji wakubwa wanaojipanga kando ya mstari, watu wa aina ya Travis Kelce mwenye sentimita 196 au Rob Gronkowski mwenye sentimita 198. Karibu na mwisho wa uwanja, ambako hakuna nafasi ya kukimbia, kwotabeki hurusha mpira juu na mrefu huudaka. Unaweza kuusoma mchezo vizuri kuliko wote, ukafika mapema kuliko wote, na mpira ukapita juu ya vidole vyako. Kocha anaweza kuuficha upungufu huo kwa kumpa kazi hiyo beki wa nyuma. Lakini aliyemchagua kijana anapaswa kujua kwamba ameinunua kasoro hiyo, na kocha awe amekubali kuibeba.

Jambo la tatu ninalolitilia mkazo ni watu wanaosimama mbele yake. Mwaka 1996 Miami Dolphins, chini ya Jimmy Johnson, walimchukua Zach Thomas wa Texas Tech katika raundi ya tano, mtu wa 154, mwenye futi 5 na inchi 11. Johnson alikuwa kocha aliyezoea kuwageuza mabeki wa nyuma kuwa malinebaka, akithamini kasi kuliko umbo. Kabla msimu haujaanza akamwacha mkongwe Jack Del Rio ili kijana aanze. Thomas akachaguliwa mara saba kucheza mechi ya nyota, na mwaka 2023 akaingia katika Jumba la Mashujaa. Hadithi hii husimuliwa kana kwamba Thomas alikuwa peke yake uwanjani. Katika drafti hiyohiyo, raundi ya kwanza, Dolphins walimchukua Daryl Gardener, jitu la mstari wa mbele, wakamweka pamoja na Tim Bowens, jitu jingine walilokuwa nalo tangu 1994. Wawili hawa waliyabana majitu ya upande wa pili, na Thomas akakimbia akiwa safi nyuma yao.

Mwaka mmoja kabla ya drafti hiyo, Tampa Bay walikuwa wamefanya vivyo hivyo: Warren Sapp akiwa mtu wa 12 kwa ajili ya mstari wa mbele, Derrick Brooks akiwa mtu wa 28 kwa ajili ya nafasi ya linebaka. Brooks alikuwa na futi 6 na alionwa mwepesi. Mwaka 2002 alikuwa mlinzi bora wa ligi nzima. Na Philadelphia, katika drafti ileile waliyomchukua Dean, walikuwa wamekwishamchukua katika raundi ya kwanza Jordan Davis, mtu wa kilo zipatazo 155 aliyekuwa akisimama mbele ya Dean huko Georgia. Mwaka uliofuata wakamwongeza Jalen Carter, naye wa Georgia. Waliujenga upya ukuta ambao Dean aliujua. Hiyo si bahati nasibu. Ni klabu iliyoelewa kwamba linebaka mfupi hanunuliwi peke yake.

Kwa hiyo skauti anapoitazama video ya chuoni, ajiulize swali linalouma: je, kijana huyu anaonekana hodari kwa sababu mbele yake wamesimama watu watano watakaochezea NFL? Hapo ndipo hoja ya waliomwogopa Dean ilipokuwa na nguvu, na naikubali. Dawa yake ni kutafuta matukio machache ambayo ukuta ulibomoka, uone alichofanya. Kwa kijana wa chuo kidogo kama Mills hali ni kinyume: hakuwa na ukuta, kwa hiyo kila kitu kiko wazi kwenye video, ila wapinzani wake walikuwa dhaifu.

Nitaje na aliyewaponza wapendao wafupi, maana tukiwasimulia Mills na Thomas pekee tutakuwa tunawahesabu waliovuka mto bila kuwataja waliozama. Mwaka 2019 Pittsburgh walipanda kutoka nafasi ya 20 hadi ya 10, wakitoa chaguo za ziada, ili wampate Devin Bush wa Michigan, mwenye futi 5 na inchi 11. Kule Indianapolis alikuwa amekimbia yadi 40 kwa sekunde 4.43. Msimu wake wa kwanza ulikuwa mzuri. Oktoba 2020 akachanika kano ya goti, na baada ya kurudi hakuwa yule tena. Baada ya msimu wa 2022 aliondoka. Goti lina lawama kubwa, na sitaki kumhukumu kijana kwa msiba. Lakini tukio hilo lilionyesha jinsi mfupi anayetegemea kasi ya miguu alivyo na ukingo mwembamba: ukimwondolea kasi kidogo tu, anabaki na ufupi. Kasi ya saa ya Indianapolis na wepesi wa kusoma ni vitu viwili. Cha kwanza huondoka na jeraha. Cha pili kilikuwa na Mills mpaka miaka 37.

Mchezo wenyewe nao umebadilika, na umebadilika kwa manufaa ya wadogo. Katika miaka ya 1990 Pittsburgh walikuwa na Levon Kirkland, linebaka wa zaidi ya kilo 120, na hakuna aliyeshangaa. Leo ushambuliaji hutandaza wapokeaji uwanja mzima, na walinzi hujibu kwa kutoa linebaka mmoja na kuingiza beki wa tano kwa zaidi ya nusu ya mechi. Linebaka anayebaki lazima akimbie. Nick Bolton wa Missouri, mwenye futi 5 na inchi 11, alichukuliwa na Kansas City katika raundi ya pili mwaka 2021, na Februari 2023, katika fainali ya Super Bowl, aliokota mpira uliomponyoka kwotabeki wa Philadelphia na kuukimbiza yadi 36 hadi pointi. Yeye si mkimbiaji wa ajabu. Ni msomaji.

Liko jambo moja ambalo maskauti hawaliandiki kwenye karatasi zao, nami naliona kuwa zito kuliko mengine. Miili miwili inapogongana, mwepesi ndiye anayetikisika zaidi. Linebaka mfupi hugongana na watu wanaomzidi kilo 30 au 40, mara nyingi kwa kila mechi, kwa miaka. Chris Borland wa Wisconsin hakufika futi 6. San Francisco walimchukua katika raundi ya tatu mwaka 2014, na alipopata nafasi baada ya wakubwa wake kuumia, alicheza kama mtu aliyezaliwa kwa kazi hiyo. Machi 2015, akiwa na miaka 24, alistaafu. Alisema haoni kama mchezo unastahili hatari anayouwekea ubongo wake, na akarudisha sehemu kubwa ya fedha alizopewa aliposaini. Walimu wake wa mchezo walikuwa wamempima kila kitu. Hakuna aliyempimia miaka yake ya 50. Klabu inayomchagua mtu mwepesi kwa kazi hii ina wajibu wa kupanga mapema ni mazoezi mangapi ya kugongana atafanya kwa wiki, na ni nani atakayemtoa uwanjani akiyumba, kwa sababu yeye mwenyewe, baada ya kukataliwa maisha yake yote, hatatoka.

Dean alianza takriban kila mechi ya Philadelphia katika msimu wa 2024, akasoma na kuwapanga wenzake kama alivyofanya Georgia. Januari 2025, katika mechi ya mtoano dhidi ya Green Bay, kano ya goti lake ilikatika. Wenzake wakatwaa ubingwa mwezi uliofuata bila yeye uwanjani. Waliomkataa na waliompenda wote watapata la kusema katika hayo.

Kwa wale mtakaofuatilia drafti zijazo, mtafuteni Ivan Pace Jr. kwenye video. Futi 5 na inchi 10 na nusu, kutoka Cincinnati, aliyekuwa ametajwa katika kikosi bora cha vyuo cha 2022. Raundi zote saba za 2023, klabu zote 32 zilimpita, na Minnesota wakamsajili bila drafti. Kocha wa ulinzi, Brian Flores, hakumwomba awe mrefu. Alimtuma mbele kumvamia kwotabeki, kazi aliyoifanya vizuri kuliko zote chuoni, na mkongwe wa kati alipoumia akampa hata jukumu la kuwaita wenzake. Desemba 10 mwaka huo, dhidi ya Raiders, mechi iliyokwisha kwa pointi 3 kwa 0, Pace alimwangusha kwotabeki na kudaka pasi. Angalieni mechi hiyo yote, na mnapofika kwenye matukio aliyochelewa, simamisheni video, mwangalie mikono yake iko wapi.